NGAMIA WA KENYA: MAJINA MANNE, DAMU MBILI

Wadau, huku Tegeta wengi wetu ngamia tunamjua kwa picha tu. Ila ukipanda basi mpaka Arusha, ukasogea Mkuru karibu na Mlima Meru, unawakuta laivu, tena kwa Wamasai. Huko kaskazini walianza kuletwa kutoka Kenya miaka ya 1990, maana ukame wanauvumilia kuliko ng'ombe.

Sasa ni ngamia gani hasa? Kenya wanawataja kwa kabila linalowafuga: wa Kisomali, wa Kirendille, wa Kigabra na wa Kiturkana. Mwaka 2003 yakatoka matokeo ya utafiti wa vinasaba, yaani DNA, wa ngamia hao. Majina manne, lakini damu ni mbili tu! Wa Kisomali yuko kivyake, hao watatu wako pamoja.

Utasema, hiyo inamsaidia nini mfugaji? Inamsaidia sana. Wa Kisomali ni mkubwa na ana maziwa mengi, ila anataka malisho ya maana. Wa Kirendille na wa Kigabra ni wadogo, maziwa yao si mengi, lakini jangwani wanadunda. Ukipandisha dume wa Kisomali kwa majike yote bila mpango, maziwa utayaona. Ukame mkali ukija ndipo utajua ulichopoteza. Na kurekebisha si leo wala kesho: ngamia anabeba mimba kama miezi 13, anazaa ndama mmoja, na mara nyingi mpaka azae tena ni miaka miwili imepita. Kenya waliingiza mpaka ngamia wa Pakistan kutafuta maziwa zaidi, kwa hiyo mchanganyiko ndio umezidi.

Mwaka 2016 wataalamu walitoa utafiti mwingine, wa ngamia 1,083 wa nundu moja kutoka nchi mbalimbali. Walionyesha kwamba mnyama huyu alianza kufugwa kusini mashariki mwa Arabuni, na kwamba wa Afrika Mashariki wana vinasaba tofauti na wenzao, kwa sababu hawakuchanganyika nao sana. Ukiwapoteza hawa, huwapati Dubai.

Tatizo ni kwamba mnyama huyu alichelewa kusomwa. Ramani nzima ya vinasaba vya ng'ombe ilitoka 2009, ya ngamia wa nundu moja ikaja 2014, pamoja na ya alpaka. Ndiyo, yule wa manyoya wa Peru ni ndugu yake! Ukoo mzima, pamoja na lama, una kromosomu 74, ndiyo maana mwaka 1998 kule Dubai waliweza kumpandikiza lama mbegu za ngamia, akazaliwa chotara aliyeitwa Rama.

Kwa mdau wa kaskazini anayetaka kununua dume, usitosheke na kuambiwa "huyu wa Kenya". Uliza mama yake katoka boma gani, alikamuliwa lita ngapi, na ukame uliopita aliupitaje.