Mkufu wa Sumbula

Wiki hii, wasikilizaji wangu, nataka kukurudisheni kwenye giza la mwaka 2008. Tarehe 21 Mei umeme utokao bara ulikatika Unguja nzima, na ukakaa karibu mwezi mmoja bila ya kurudi. Mengi yamesemwa juu ya siku zile: pampu za maji zilizosimama, foleni za ndoo, samaki waliooza kwenye mafriji. Juu ya mbingu zake sijamsikia mtu.

Mwanzoni mwa Juni, usiku usio na mbalamwezi, nilipanda juu ya paa Mji Mkongwe na kamera yangu ya filamu. Jenereta zilikuwa zikinguruma huku na kule, lakini nyota zilikuwa nyingi kama za Jambiani. Saa mbili usiku buruji ya Sumbula ilikuwa karibu na utosi, imeinama kidogo kaskazini. Humo, ukishaupita Mkia wa Simba, nyota ambayo hata Wazungu wanaiita Denebola kwa neno walilolichukua kwa Waarabu, mna mkufu usioonekana kwa macho matupu. Si nyota zile. Ni galaksi, kila moja na mabilioni ya majua yake, na mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka milioni 50 kutufikia.

Mfaransa Charles Messier, mwindaji wa nyota zenye mkia, aliziona mbili tarehe 18 Machi 1781, akaziandika kama mawingu tu. Mkufu wenyewe unaitwa kwa jina la Benjamin Markarian wa Armenia, aliyeueleza mwaka 1961. Na pwani yetu imo katika habari hii. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ikachukua setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ikapima miali ya eksirei inayotoka kwenye kundi hilohilo la galaksi.

Mimi sikuwa na roketi. Nilikuwa na mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, na skrubu ya kuzungusha kwa mkono, mzunguko mmoja kila dakika, ili kamera iziandame nyota. Kwa kuwa Unguja iko digrii 6 tu kusini ya ikweta, bawaba hulazwa karibu sawa na ardhi, ikielekea kusini. Mkono ukisita, nyota huburura mkia.

Filamu niliisafisha umeme uliporudi. Kwenye picha moja madoa mawili ya Messier yamo, hafifu, na la tatu ukilitafuta sana. Picha ya pili nyota zote zina mikia. Hapo jirani yangu, bibi mtu mzima, aliniita kutoka chini ya ngazi na ndoo yake ya maji, nikaiachia skrubu nikashuka.