Mibuni Iliyong'olewa: Hesabu ya Pato katika Thika na Ruiru

Reli ilipofika Thika, nchini Kenya, mwaka 1913, iliwapa walowezi njia ya kusafirishia mkonge na kahawa, na kwa miongo mingi iliyofuata utajiri wa Thika na Ruiru ulipimwa kwa magunia. Pato la Taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote za mwisho zinazozalishwa nchini kwa mwaka, liliendeleza mazoea hayo, ijapokuwa Simon Kuznets, mwasisi wa hesabu hizo Marekani, alikuwa amelionya bunge la nchi yake mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa haubainiki kwa pato peke yake.

Kasoro hiyo huonekana wazi kiwandani. Mashine ya kumenyea buni ikichakaa, mhasibu hukata uchakavu wake, yaani thamani inayopotea kila mwaka. Lakini maji ya kuoshea kahawa, yaliyojaa utelezi na sukari ya tunda, yakimwagwa mtoni humaliza oksijeni, na mto haukatiwi kitu. Dawa zenye shaba zilizopuliziwa mibuni ziliandikwa kama gharama ya mkulima, ilhali shaba iliyojilimbikiza udongoni haikuwa na mstari daftarini. Ndiyo maana Ruiru 11, aina ya kahawa iliyotolewa na watafiti wa Ruiru mwaka 1985, ina thamani kubwa kuliko inavyosomeka: inastahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, hivyo huupunguzia udongo mzigo wa dawa.

Mkataba wa kimataifa uliogawa viwango vya mauzo ya kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei iliporomoka, na baadaye, hasa barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kukamilika mwaka 2012, mibuni iling'olewa kupisha nyumba. Wakazi wa Ruiru waliongezeka kutoka 238,858 mwaka 2009 hadi 490,120 mwaka 2019. Saruji, kodi za nyumba, maji yanayonunuliwa kwa malori na magari ya kunyonya maji machafu, vyote huongeza pato, hata pale vinapoziba pengo lililoachwa na ardhi iliyokuwa ikinywa mvua bure.

Mfumo wa Uhasibu wa Mazingira na Uchumi, uliopitishwa na Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2012, unatoa daftari la namna nyingine, ambamo ardhi na maji huandikiwa kiasi cha kufungulia mwaka na kiasi cha kuufungia. Ruiru ikiandikiwa daftari hilo, kila ekari ya udongo mwekundu inayofunikwa zege itaonekana upande wa upungufu, mkabala na nyumba iliyojengwa juu yake.