Mshindo wa Baruti na Wanyama wa Nyumbani katika Mwambao wa Nyasa

Tarehe 13 Agosti, 1914, mizinga ililia katika ghuba ya Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lililoko pale, ambalo machoni mwao lilifanana na ile sanamu kubwa ya Misri. Meli ya Kiingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ilikuja kuiharibu meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu ili itengenezwe. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, hakuwa na habari kwamba mataifa yao yamekwisha kuwa vitani kwa muda wa siku tisa. Yeye na Rhoades walikuwa marafiki, wazoefu wa kunywa pamoja. Basi alishuka katika mashua ndogo, akaenda kwa mwenzake kwa ghadhabu, akamwuliza kama amelewa. Jibu alilolipata ni kutiwa mbaroni.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, tena kwa kicheko, na vitabu vya vita hukihesabu kuwa ushindi wa kwanza wa Waingereza majini katika vita vile vikuu. Kicheko kina haki yake. Lakini mshindo haukukoma masikioni mwa manahodha wawili. Ghuba ilikuwa na watu wake, na kijiji cha mwambao, zamani kama sasa, hakikosi mbwa mlangoni, kuku uani na mbuzi kivulini. Kwa viumbe hawa siku ile ilikuwa na jambo la ajabu kuliko vita vyenyewe. Agosti ni kiangazi. Mvua za Nyasa huanza karibu na mwisho wa mwaka, zikaendelea hadi Aprili au Mei, na ngurumo hufuatana nazo. Mwezi wa Agosti upepo wa mwera huvuma na kuyachafua maji, lakini mbingu hainguruma. Mbwa wa Liuli amezoea kwamba kabla ya radi huja wingu, na kabla ya wingu kufika harufu ya hewa hubadilika. Siku ile aliletewa radi isiyokuwa na wingu.

Wala baruti haikuwa ngeni kabisa katika nchi hizo. Njia za misafara kutoka Kilwa zilifika ziwani miaka mingi kabla ya Wajerumani, na pamoja na nguo na shanga zilileta magobore. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza mjini Zanzibar alikisia kwamba bunduki zilizoingia Afrika ya Mashariki zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000 kila mwaka. Si zote zilizokusudiwa kuua. Ilikuwa desturi ya misafara kupiga bunduki hewani ilipokaribia mji, ili wenyeji wajue kwamba wageni wamefika, nao wafanyao biashara watayarishe bidhaa zao. Mlio huo ulikuwa ni hodi. Lakini misafara hiyo hiyo ilikuwa na watumwa shingoni mwao mna makongwa, na hodi ya mtu mmoja ilikuwa msiba wa mwingine. Mbwa aliyelala kizingitini hakuwa na njia ya kuzipambanua hodi hizo ila kwa kumtazama bwana wake: kama ametoka kwa furaha, au amewakusanya watoto na kukimbia.

Inafaa kukumbuka kwamba Wangoni, walioutisha mwambao huu kuliko wote katika karne ya 19, walitegemea zaidi mkuki na ngao. Woga wao ulikuwa woga wa kimya. Kwa sababu yao Wamatengo walijikusanya katika milima ya Litembo, na wasafiri wa Kizungu wa miaka ya 1870 walikuta upande wa kaskazini mashariki wa ziwa vijiji vilivyojengwa juu ya nguzo ndani ya maji. Katika maficho ya namna hiyo mbwa mwenye kubweka ni hatari kwa watu wake. Kumtuliza mnyama hakukuwa anasa ya mtu mwenye nafasi, bali ni sehemu ya kuokoka.

Baadaye vikaja Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907. Misheni ya Peramiho ilichomwa moto Septemba 1905. Na majeshi ya Kijerumani yalipoishinda Ungoni yalichoma mashamba na maghala hata njaa ikawaua wengi kuliko risasi. Tangu hapo mlio wa bunduki haukuwa tena hodi. Ulifuatana na moshi, na kilio, na nyumba isiyorudiwa. Liuli yenyewe haikuachwa baada ya siku ile ya 1914: Waingereza walirudi tarehe 30 Mei, 1915, wakateremsha askari, wakapigana pale pwani, wakaiharibu Wissmann kwa baruti mara ya pili.

Hata lugha imeihifadhi safari hii. Neno fataki, ambalo leo kila mtoto wa mjini hulijua kuwa ni moto wa kuchezea unaorushwa angani wakati wa sikukuu, katika kamusi za kale maana yake ni kile kifuniko kidogo cha shaba chenye kuiwasha baruti ya bunduki. Moto wa kuchezea ulikuwa na jina lake, fashifashi. Neno la vita lilihamia katika mchezo, na la mchezo likafifia. Wanadamu wameweza kuhama pamoja na neno, kwa kuwa wao huambiwa: leo ni sikukuu, leo hapana vita. Mnyama hakuambiwa.

Kwa nini mlio usiomgusa mwilini umtie mnyama hofu ya kudumu? Sikio lake ni sehemu ya jibu. Mwanadamu husikia sauti zenye mitetemo isiyozidi 20,000 kwa sekunde. Mbwa husikia zifikazo 45,000 hivi, na paka hupita 60,000. Lakini ukali wa sikio hautoshi kueleza, kwa maana mbwa wawili wa tumbo moja husikia sawasawa, mmoja akaendelea kulala na mwingine akatetemeka hadi alfajiri. Jibu lililobaki limo katika kumbukumbu. Mwezi wa Septemba 1924 mafuriko makubwa yaliingia katika mji wa Leningrad, na mbwa wa mtaalamu Pavlov walinusurika kufa maji ndani ya vizimba vyao. Walipookolewa, baadhi yao walikuwa wamepoteza mafunzo waliyokuwa wamefunzwa kwa muda mrefu; na baadaye maji kidogo yaliyopenyezwa chini ya mlango yalitosha kuwarudishia hofu yote ya usiku ule. Mnyama hupima sauti kwa jambo lililokuja pamoja nayo, na jambo kubwa likitokea mara moja tu latosha.

Kinyume chake ni kweli pia, na wawindaji wameijua habari hii pasipo kusoma vitabu. Mtu wa milima ya Umatengo anayekwenda na mbwa wake kuwafukuza nguruwe mwitu na nyani shambani hamweki mbwa mchanga ubavuni mwa gobore siku ya kwanza. Humwacha mbali, pamoja na mbwa wazima waliozoea; siku nyingine humsogeza; na mlio ukiisha pana nyama. Mwisho mbwa husikia gobore akakaza masikio kwa tamaa. Njia hiyo hiyo ilitumiwa Uingereza mwaka 1917, Edwin Richardson alipofungua huko Shoeburyness shule ya mbwa wa kuchukua barua vitani. Wanyama waliotoka majumbani mwa raia walizoezwa karibu na mizinga, hatua kwa hatua, wakilishwa na kusifiwa, mpaka wakaweza kupita katikati ya makombora. Mshindo ulikuwa ule ule uliowatimua mbwa wengine mbio. Kilichotofautiana ni jinsi ulivyoletwa.

Mji wa London ulitoa mfano wa kusikitisha zaidi. Vita vya pili vilipotangazwa mwezi wa Septemba 1939, wenyeji walipeleka paka na mbwa wao kwa waganga wa mifugo ili wauawe, na katika muda wa juma moja hivi waliouawa walihesabiwa kupita 400,000. Hapakuwa na bomu hata moja lililokuwa limeanguka mjini. Wenye wanyama hao hawakuwa watu wakatili, wengi walilia. Walidhani kwamba kiumbe asiyeambiwa maana ya kishindo hawezi kukivumilia, na kwamba hapana la kufanya. Katika dhana ya kwanza walikuwa na sehemu ya ukweli. Katika ya pili walikosea, kama wawindaji wa Umatengo wangaliweza kuwaeleza.

Siku hizi katika mji wa Mbinga, na huko chini Mbamba Bay, makao ya wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, mshindo huja usiku wa mkesha wa mwaka mpya. Madebe hupigwa, matairi huchomwa, na mwenye fedha hurusha fataki. Mabonde ya Umatengo huurudisha mlio kwa mwangwi, na juu ya maji matulivu husafiri mbali. Ni msimu wa mvua, ndiyo. Lakini fataki haziletwi na wingu, hivyo hata mnyama aliyeizoea radi huzipokea kama mbwa wa Liuli alivyoipokea Gwendolen.

Aghalabu usiku huo humkuta mbwa mahali pabaya kuliko pote. Mbwa wa ulinzi hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku, au hufungwa mnyororo karibu na lango. Aliyefunguliwa huruka ua akakimbilia asikokujua. Aliyefungwa hujinyonga kwa mnyororo wake. Hatari ya yule mkimbizi haiishi fataki zinapozimika. Kulipopambazuka huonekana kijiji cha pili mbwa mgeni, anatetemeka, anahema, udenda unamtoka, haitiki wito. Dalili hizo ni za hofu, lakini pia ni dalili ambazo watu wamefundishwa, na kwa haki, kuziogopa kuwa kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao mtu akiisha kuonyesha dalili zake ni nadra sana kupona. Wenye marungu hawana wakati wa kupambanua. Hivyo mchezo wa dakika chache waweza kumwua mnyama mwenye afya, na kuwatia hofu ya bure wanakijiji aliowapitia. Kwa sababu hii peke yake mbwa apaswa kuchanjwa mapema, na kuvishwa ukanda wenye alama ya kumtambulisha mwenyewe.

Mengine ni mepesi, wala hayahitaji fedha. Mbwa atembezwe na kulishwa kabla ya jua kuchwa, kisha aingizwe ndani, hata yule ambaye mwaka mzima halali ndani. Wezi nao usiku huo wamo katika sherehe, au angalau mwenye nyumba yu macho. Chumba cha katikati ni bora kuliko cha barabarani. Madirisha yafungwe, taa iwashwe ili miali ya nje isionekane sana, na redio iachwe inasema kwa sauti ya kawaida. Akitaka kujificha chini ya kitanda aachwe humo. Kumvuta nje ili azoee ni kumfanyia yale yaliyofanywa na mafuriko. Paka, mlinzi wa mahindi na kahawa iliyohifadhiwa ndani, huhitaji zaidi pembe yenye giza na kapu la kujikunyata. Kuku watulie bandani, na banda lifunikwe kwa mkeka.

Iko imani iliyoenea kwamba kumbembeleza mnyama mwenye hofu ni kumzidishia hofu. Wataalamu wa leo hawaiungi mkono. Hofu si tabia inayotunukiwa. Mkono wa bwana wake humtuliza, naye akipewa kipande cha nyama au dagaa mara tu baada ya kila mlio, mlio wenyewe huanza kubadilika maana, sawasawa na gobore la mwindaji. Walioulizwa Ulaya katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020, wakiwa wamejaribu njia hiyo, takriban 70 katika kila 100 walisema imewafaa mbwa wao. Kuadhibu, kinyume chake, humthibitishia mnyama kwamba baruti huja na maumivu. Aliyefikia kuacha kula au kujiumiza apelekwe kwa bwana mifugo majuma kadhaa kabla ya sikukuu, kwa kuwa ziko dawa za kumtuliza; asipewe kamwe dawa za binadamu kwa kukisia.

Na yule arushaye fataki anayo sehemu yake, nayo ni ndogo: kupita nyumba za jirani mchana na kusema saa atakayorusha. Berndt hakupelekewa habari, akaenda na mashua yake kuuliza. Jirani akiisha kuambiwa, humwita mbwa ndani saa tano na nusu, akakomea mlango, akaweka karibu sahani ya dagaa, akangoja.