Saa ya Mkononi na Usingizi wa Rubani

Mtu aliyelala hawezi kujishuhudia. Ukimwamsha abiria aliyekuwa akikoroma katika basi la usiku, atakuapia kwamba alifumba macho tu. Kwa abiria hayo hayana madhara. Kwa rubani, au kwa mwongoza ndege aliye peke yake mnarani, ni jambo jingine, na kwa karibu miaka mia sasa watu wa anga wamekuwa wakitafuta shahidi asiyekuwa mwenye usingizi mwenyewe.

Mei 1927 Charles Lindbergh aliruka peke yake kutoka New York hadi Paris kwa saa 33 na nusu, na usiku wa kuamkia safari hiyo hakupata hata lepe la usingizi. Baadaye alisimulia jinsi alivyoona viumbe kama vivuli vikisimama nyuma yake ndani ya ndege na kuzungumza naye. Dunia ilimshangilia, na kukesha kukahesabiwa kuwa sehemu ya ushujaa.

Sheria zilipokuja, zilihesabu kilicho rahisi kuhesabika: saa za kuruka, saa za zamu, saa za mapumziko. Daftari likionyesha mapumziko ya saa nane, sheria imeridhika. Lakini ndani ya saa hizo nane mna kusubiri gari, kuoga, kula, na kujilazimisha kulala saa nne asubuhi huku wafagiaji wa hoteli wakigonga milango.

Tarehe 18 Agosti 1993 ndege ya mizigo aina ya DC-8 ilianguka ikijaribu kutua katika kambi ya jeshi la Marekani huko Guantanamo, Kuba. Haikuwa usiku wa manane. Ilikuwa karibu saa kumi na moja jioni. Marubani wawili na mhandisi wao walikuwa wamefanya kazi usiku kucha, na asubuhi, badala ya kwenda kulala, wakapangiwa safari nyingine. Kapteni alikuwa macho kwa saa 23 na nusu. Aliendelea kuulizia taa ya kuonyesha mpaka, ambayo siku hiyo haikuwaka, huku ndege ikipoteza mwendo katika kona kali. Wote watatu walinusurika na majeraha mabaya, ndiyo maana tunayajua mengi. Kapteni alieleza kwamba alikuwa amelegea, hajali lolote. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ikautaja uchovu kuwa chanzo cha ajali, jambo ambalo haikuwahi kulifanya kwa ajali kubwa ya ndege.

Wakati huo shahidi alikuwa amekwisha patikana. Tangu miaka ya 1970 watafiti walitumia kifaa kinachofungwa mkononi kama saa, kinachonasa kila mtikisiko. Mkono ukitulia kwa muda mrefu, huhesabiwa kuwa mwenyewe amelala. Wataalamu wa NASA, walioanza kuchunguza uchovu wa marubani mwaka 1980, waliwavisha kifaa hicho marubani wa safari za Pasifiki, wakaongeza nyaya za kupima ubongo na macho. Kundi moja liliruhusiwa kupumzika kitini dakika 40 kwa zamu, na kwa wastani walilala dakika 26. Kundi jingine halikuruhusiwa. Tangu ndege kuanza kushuka hadi kutua, nyaya zilinasa vipindi 22 vya kusinzia kwa sekunde chache katika kundi lisilopumzika. Katika lile lililopumzika, hakuna hata kimoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Nchi kadhaa zikaruhusu usingizi huo wa kitini. Marekani, iliyolipia utafiti, haikuruhusu.

Leo vifaa hivyo vinauzwa madukani, vingine vimekuwa pete. Vina kasoro: mtu aliyelala chali akiwaza ada za watoto, bila kutikisika, huandikiwa usingizi. Hiyo wataalamu wanaijua, nao humtaka mvaaji aandike pia shajara. Kasoro inayonitia wasiwasi mimi haimo ndani ya saa. Takwimu zake zikisomwa na mtu asiyejua mkono ni wa nani, zitarekebisha ratiba. Zikisomwa na bwana mkubwa anayepanga zamu, zitamrekebisha mwenye mkono: mbona jana ulilala saa nne tu, na ukaja kazini? Rubani mwenye mkopo wa nyumba atajifunza upesi kuivua saa, nasi abiria tutarudi kwenye kiapo cha yule wa basini.

Baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009, iliyoua watu 50, Marekani iliandika upya sheria, na safari hii usingizi ukatajwa waziwazi: mapumziko ya saa 10, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kusumbuliwa. Ilianza kutumika Januari 2014. Marubani wa ndege za mizigo, kama ile ya Guantanamo, waliachwa nje. Ilielezwa kwamba gharama ya kuwaingiza ingezidi faida.