Ngozi ya Ng'ombe na Bima ya Simu

Swali la juma hili limeletwa na kijana mmoja, mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Mwakitolyo, Wilaya ya Shinyanga. Anaeleza kwamba duara lao limewapa mawe mazuri, naye akanunua simu ya shilingi 300,000. Muuzaji akamwambia kuwa akiongeza shilingi 30,000 kwa mwaka simu hiyo itakuwa na bima. Wenzake wamemcheka. Wanasema bima ni ya magari na meli, tena ni njia ya wajanja wa mjini ya kula fedha za watu wa machimboni. Yeye anataka kujua nani mwenye haki.

Nimeona nisimjibu kwa neno moja. Jambo hili lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapo hapo alipo, katika nchi ya Wasukuma, kabla simu haijafikiriwa na mtu yeyote.

Neno bima lilitufikia kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, na Wahindi hulitamka karibu sawa na sisi. Lakini neno na jambo ni vitu viwili. Msukuma wa zamani hakuwa na neno hilo. Alikuwa na ng'ombe, na alijua hatari ya kuwafungia wote katika zizi moja. Mwenye kundi kubwa hakukaa nalo lote. Aliwagawa ng'ombe kwa ndugu, kwa wakwe na kwa marafiki wa vijiji vya mbali. Aliyepewa kutunza alikunywa maziwa, alitumia samadi shambani, na pengine mwishoni alizawadiwa ndama. Lakini ng'ombe walibaki mali ya mwenyewe. Maradhi yakiingia kijiji kimoja, au wezi wakivamia boma moja, sehemu ya mali ilisalimika kwingine. Mtunzaji naye, ambaye pengine hakuwa na ng'ombe hata mmoja, watoto wake walipata maziwa. Sijui kama kuna kampuni ya bima leo inayompa mteja wake maziwa.

Mpango huo ulikuwa na mpaka wake. Ugonjwa wa sotoka ulipoingia Afrika Mashariki mnamo miaka ya 1890, uliua ng'ombe wa huku na wa kule kwa mpigo mmoja, na kuwagawa hakukusaidia kitu. Hapa tujifunze mapema jambo ambalo makampuni ya bima yanalijua vizuri: hatari inayompata mmoja mmoja hubebeka, na ile inayowapata wote siku moja ni vigumu sana kuibeba. Ndiyo maana hati nyingi za bima, ukizisoma mpaka chini, huondoa vita na machafuko.

Lakini kilichonifanya nianze na ng'ombe ni ngozi. Ng'ombe akifa mikononi mwa mtunzaji, haikutosha kutuma salamu kwamba yule mwekundu amekufa. Mtunzaji alipaswa kumwarifu mwenye mali upesi na kumwonyesha ngozi. Ngozi ina rangi yake na mabaka yake, na mfugaji anawajua ng'ombe wake kama anavyowajua wanawe. Ngozi ikionekana, maneno yalikwisha. Isipoonekana, mtunzaji alishukiwa kuwa amemla au amemuuza, akadaiwa. Kwa hiyo mpango mzima ulisimama juu ya mambo mawili: kijiji kizima kilijua ng'ombe yule ni wa nani, na palikuwa na kitu cha kushikika cha kuthibitisha kwamba amekufa kweli. Naomba kijana wetu aishike ngozi hiyo mkononi, kwani tutaihitaji tutakapofika kwenye simu.

Baadaye ngozi na ujirani havikutosha. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, silaha zilizagaa na wizi wa mifugo ukawa wa kutumia bunduki. Mnamo mwaka 1981 na 1982, wanavijiji wa Shinyanga na Tabora walianzisha sungusungu. Mwano ulipopigwa, kila mwanamume alitoka na upinde wake na kufuata nyayo za mifugo, kijiji kikikabidhi kijiji kingine. Asiyetoka alitozwa faini. Nani atakataa kwamba faini ile na usiku ule wa kukimbia porini vilikuwa namna ya kulipia bima? Kila mmoja alitoa jasho lake kwa ng'ombe wa jirani ili siku ya kwake jirani naye atoke. Palikuwa na mabaya pia, watu waliadhibiwa bila mahakama, na hilo hatuwezi kulifunika. Lakini wizi ulipungua, na watu waliona kwa macho kile walichokitolea jasho.

Bima ya makaratasi ilikuja kwa mlango mwingine kabisa. Enzi ya ukoloni ilikuwa ni shughuli ya makampuni ya kigeni, yakihudumia wenye mashamba makubwa, maduka na meli. Baada ya Uhuru, Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawekwa chini ya umma na kuachiwa peke yake biashara hiyo Tanzania Bara. Hali hiyo ilidumu hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango kwa makampuni binafsi. Mwaka 2009 ikapitishwa sheria nyingine, iliyoleta Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Katika miaka yote hiyo mwananchi wa kawaida aliijua bima kwa sura moja tu, kile kikaratasi cha kwenye kioo cha gari. Kilinunuliwa kwa sababu ya trafiki. Dereva aliyekuwa nacho alipita, asiyekuwa nacho alishushwa. Wangapi walisoma kilichoandikwa nyuma yake? Ndipo likazaliwa wazo, ambalo wenzake wa Mwakitolyo bado wanalo, kwamba bima ni kodi nyingine yenye jina zuri.

Lilikuwapo jaribio la kubadili wazo hilo, tena jirani na kwetu. Mwaka 1996, Wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, ndiyo ilianza Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya ililipa shilingi 5,000 kwa mwaka na kutibiwa katika zahanati bila kulipa tena. Mpango ulienea wilaya nyingine na kuwekewa sheria mwaka 2001. Wazo lilikuwa jema mno. Lakini mahali pengi wananchi walisitasita, na sababu moja iliyorudiwa sana ni kwamba mtu alifika na kadi yake akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Mtu wa namna hiyo humhesabii kuwa mjinga akikataa kulipa mwaka wa pili. Yeye alileta ngozi, na mwenzake hakutimiza ahadi.

Sasa tugeuke tutazame upande wa wakubwa, maana wao hawana kusitasita. Si mbali na Mwakitolyo upo mgodi wa Bulyanhulu. Wachimbaji wadogo waliondolewa hapo Agosti 1996, katika tukio lililoacha malalamiko ya miaka mingi. Mwaka 2000, wakati mgodi mkubwa ukijengwa, fedha zilizowekezwa zilikingwa na MIGA, wakala wa Benki ya Dunia unaotoa dhamana kwa wawekezaji, dhidi ya hatari za kisiasa kama vita na kutaifishwa mali. Kinga hiyo ilizidi dola za Marekani milioni 170. Simlaumu mtu hapa. Nataka tuone hesabu yao. Mwenye mgodi hakujisumbua kufikiria bima ya sururu. Alitafuta bima ya lile pigo ambalo likimpata hawezi kusimama tena. Wakati huo huo, mchimbaji mdogo aliyeshuka duarani kwa kamba hakuwa na kinga yoyote ila matimba yanayoshikilia kuta. Mwaka 2015 huko Nyangarata, Wilaya ya Kahama, wachimbaji walifukiwa, na 5 kati yao wakatolewa hai baada ya siku 41. Taifa zima lilishangilia, na haki yake. Lakini ni familia ngapi za wachimbaji wadogo zenye hati ya kudai fidia duara likianguka?

Tuje kwenye simu yenyewe. Simu za mkononi zilianza kuonekana Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990, na Mobitel ndiyo iliyotangulia. Zilikuwa za wafanyabiashara na wakubwa wa serikali. Bei yake ilimtisha hata mwenye lori. Vodacom walianza mwaka 2000, Celtel mwaka 2001, minara ikapanda mikoani, na simu ikashuka hadi mikononi mwa mkulima. Hata hivyo, kwa miaka mingi ilikuwa ni kifaa cha kuzungumzia tu. Ikipotea, ulihuzunika, ukanunua nyingine ya bei ndogo.

Mambo yalibadilika Aprili 2008 M-Pesa ilipoanza Tanzania. Simu ikawa mfuko wa fedha. Kwa mchimbaji imezidi hapo: kwa simu anaulizia bei ya dhahabu kabla dalali hajamdanganya, kwa simu analipwa mgawo wake, kwa simu anatuma ada ya mtoto. Tangu masoko ya madini yalipofunguliwa mwaka 2019, Geita ikiwa miongoni mwa ya kwanza kabisa, bei si siri tena kwa mwenye simu. Hapo ndipo swali la kijana linapopata uzito. Simu imekuwa sehemu ya zana za kazi, kama nyundo na mtarimbo.

Lakini atenganishe vitu viwili ambavyo wauzaji hupenda kuvichanganya. Fedha zake hazimo ndani ya kile kifaa. Zimo katika akaunti inayofungwa na namba ya siri. Simu ikiibwa, akiwahi kuwataarifu watu wa mtandao na kurudisha laini yake kwa alama za vidole, fedha atazikuta, mradi namba ya siri hakuiandika nyuma ya simu. Bima anayouziwa ni ya kile kifaa peke yake.

Basi tupige hesabu ya kifaa. Tuchukue kwamba hati inasema thamani ya simu hushuka, na baada ya mwaka itahesabiwa kuwa shilingi 240,000. Tuchukue pia kwamba mteja mwenyewe hubeba sehemu ya hasara, tuseme asilimia 20, yaani shilingi 48,000. Simu ikiibwa, atapewa 192,000. Gawanya kwa 30,000 anazolipa kila mwaka, utapata miaka 6 na kitu. Kwa maneno mengine, kama simu yake hupotea au kuvunjika mara moja kila miaka 6, yuko sawa na kampuni. Ikipotea mara chache kuliko hapo, kampuni inakula. Ikipotea kila baada ya miaka 2, yeye ndiye anayekula. Machimboni, penye vumbi, maji, mashimo, na wageni wanaoingia leo na kuondoka kesho, sioni ajabu simu ikipotea kila baada ya miaka 2.

Kwa hesabu hiyo wengi wenu mtasema akate bima mara moja. Ngojeni kwanza. Ngozi iko wapi?

Kampuni itataka risiti yenye jina lake. Itataka ile namba ya tarakimu 15 ambayo kila simu halali inayo, na ambayo huonekana ukibonyeza *#06#. Itataka hati ya polisi ya upotevu. Itauliza iliibwaje, na hati nyingi hulipa simu iliyonyang'anywa kwa nguvu au chumba kilipovunjwa, lakini hazilipi iliyosahauliwa mezani kwa mama ntilie. Tunakumbuka usiku wa Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchini. Watu wengi waliamka na simu zilizokufa, nao walizinunua kwa fedha halali. Wengi hawakuwa na karatasi yoyote ya kumshikia aliyewauzia. Machimboni hali hiyo bado ipo: simu hubadilishwa kwa deni, huwekwa rehani, huuzwa mtu akiishiwa nauli. Simu ya namna hiyo, hata ukiilipia bima miaka 10, siku ya kudai utasimama mbele ya karani kama yule mtunzaji aliyesema ng'ombe amekufa na mkononi hana kitu.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana wa Mwakitolyo ni hili. Ikiwa simu aliinunua dukani, ana risiti, na ikipotea hana uwezo wa kununua nyingine kabla ya miezi kadhaa, akate bima, lakini kwanza aombe hati yenyewe, si kipeperushi, asome au asomewe sehemu ya yale yasiyolipwa, na ahakikishe kampuni imesajiliwa na TIRA. Ikikataa kumlipa bila sababu, ipo ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya bima iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Ikiwa simu aliinunua kwa mtu, basi asitoe hizo 30,000 kwa sasa. Aweke fedha hiyo kando kila mwaka kwa ajili ya simu nyingine, na namba ile ya tarakimu 15 aiandike leo kwenye daftari linalobaki nyumbani.

Na wale wenzake waliomcheka, ningependa nao watuandikie, watueleze ni nani atakayelisha watoto wao duara likiporomoka. Barua zao nitazisoma hapa hapa juma lijalo.