Ukandarasi wa Wapagazi na Suala la Uwajibikaji katika Pwani ya Afrika Mashariki, 1857–1889

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya sasa kuhusu ajira nchini Tanzania na Kenya, utaratibu wa kampuni kukabidhi sehemu ya kazi zake kwa mkandarasi, naye mkandarasi akaajiri watu kwa jina lake, huelezwa mara nyingi kuwa ni zao la sera za soko huria za miaka ya 1980 na 1990. Maelezo hayo yana ukweli wake kuhusu mashirika ya umma, lakini yanafunika historia ndefu zaidi. Karne moja kabla ya hapo, misafara iliyotoka Bagamoyo na Unguja kwenda bara iliendeshwa kwa mikataba ya ngazi mbili, tatu na hata zaidi, na migogoro iliyozuka ilihusu swali lile lile linaloulizwa leo: mwajiri wa mtu huyu ni nani?

Insha hii inachunguza mikataba mitatu iliyofungwa Unguja na Bagamoyo: ule wa Richard Burton mwaka 1857, ule wa Henry Morton Stanley mwaka 1871, na ule wa Stanley na Tippu Tip mwaka 1887. Hoja kuu ni kwamba mkandarasi wa wapagazi hakuwa mtafutaji wa watu tu. Pamoja na watu, aliuza huduma ya kumwondolea mteja hatari ya hasara. Kila ngazi iliyoongezwa kati ya mwenye fedha na mbeba mzigo iliisogeza hatari hiyo chini, huku dai la mpagazi likizidi kuwa mbali na mtu mwenye uwezo wa kulilipa.

2.0 Misingi ya ukandarasi wa misafara

Mbung'o waliua wanyama wa kubebea mizigo katika sehemu kubwa ya njia za kwenda bara, kwa hiyo bidhaa zilisafiri vichwani na mabegani mwa watu. Kazi hiyo ilikuwa na wenyewe. Wanyamwezi walikuwa wameifanya kuwa taaluma, wakiteremka pwani na pembe za ndovu na kurejea kwao na nguo, shanga na nyaya za shaba. Walikuwa na viongozi wao, desturi zao za kambini na viwango vyao vya mzigo na ujira. Stephen Rockel (2006) ameonesha kwamba wapagazi hao walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye utamaduni wao wa kazi, tofauti na picha ya zamani iliyowafanya wote kuwa watumwa.

Hata hivyo, watumwa nao walikuwamo. Mjini Unguja bwana aliweza kumkodisha mtumwa wake kwa mtu mwingine na kuchukua sehemu ya ujira, ambayo kwa kawaida ilifikia nusu. Neno "kibarua" limetokana na hati ndogo aliyopewa mfanyakazi wa kutwa, na baadaye likahamia kwa mfanyakazi mwenyewe na kwa kazi yake. Lugha yenyewe imehifadhi kumbukumbu ya uhusiano ambao ndani yake karatasi ilisimama kati ya mtu na anayemlipa.

Mzungu aliyefika Unguja kwa mara ya kwanza hakuwa na mkopo, hakuijua lugha, wala hakujua bei ya doti ya merikani. Alihitaji mtu ambaye neno lake lilikubalika forodhani na kambini. Hapo ndipo walipoingia wafanyabiashara wenye asili ya Uhindi, kama vile Ladha Damji aliyesimamia ushuru wa forodha, Taria Topan, na baadaye Sewa Haji wa Bagamoyo. Wao ndio waliotoa bidhaa kwa mkopo, waliowatafuta wapagazi na waliojua nani alilipwa malipo ya awali na nani alikuwa na rekodi ya kukimbia. Malipo hayo ya awali ndiyo yaliyokuwa kiini cha hatari yote. Mpagazi aliyekwishapokea nguo zake angeweza kutoweka usiku, na hasara hiyo ilikuwa lazima imwangukie mtu.

3.0 Burton na watu wa Ramji, 1857–1859

Burton na John Hanning Speke waliondoka Unguja mwezi Juni 1857. Miongoni mwa walinzi wa msafara lilikuwamo kundi la watumwa wa Ramji, karani wa forodhani, ambao Burton aliwaita katika kitabu chake "wana wa Ramji". Malipo ya miezi 6 yalitolewa mwanzoni, ilhali safari nzima ilidumu takriban miezi 20.

Waliporejea, palizuka mgogoro kuhusu nyongeza na zawadi. Konseli wa Uingereza, Atkins Hamerton, alikuwa ametoa ahadi za malipo kwa niaba ya serikali yake kwa baadhi ya watu wa msafara, lakini alifariki Julai 1857, wakati msafara ulikuwa ndio kwanza umeanza. Burton alishikilia kwamba ahadi hizo zilitegemea mwenendo mwema, na kwamba mwenendo huo haukuonekana. Mrithi wa Hamerton, Christopher Rigby, aliliona jambo hilo kwa namna nyingine na kuliandikia barua kwa serikali ya Bombay mwaka 1859.

Ugomvi huu haukuhusu kiasi cha fedha pekee. Burton aliona kwamba amemalizana na mwenye watu. Ramji alikuwa mmiliki na hakuwa safarini. Serikali ya Bombay haikuwa imeandika mkataba wowote na mlinzi mmojammoja. Ahadi ilitolewa kwa mdomo na mtu ambaye sasa alikuwa kaburini. Kila upande ulikuwa na sababu ya kuonesha kidole upande mwingine, na aliyetembea hadi Ujiji na kurudi hakuwa na karatasi ya kudai kwayo.

4.0 Stanley na mkandarasi kijana wa Bagamoyo, 1871

Stanley alifika Unguja Januari 1871, muda mfupi baada ya kipindupindu cha 1869–1870 kuua watu wengi visiwani na pwani na kuwafanya wapagazi kuwa adimu. Bagamoyo alikabidhi kazi ya kuwatafuta wapagazi kwa kijana anayemwita kwa matamshi yake "Soor Hadji Palloo", ambaye wanahistoria wamemtambua kuwa Sewa Haji. Msafara uligawanywa katika makundi matano. Kundi la kwanza liliondoka Februari na la mwisho, akiwamo Stanley mwenyewe, mwezi Machi.

Katika kitabu alichochapisha mwaka 1872, Stanley anamlalamikia sana kijana huyo. Lalamiko lake kubwa ni tofauti kati ya nguo alizotozwa kwa kila mpagazi na nguo ambazo mpagazi alizipata mkononi. Kwa Stanley, tofauti hiyo ilikuwa wizi. Ukisomwa kwa jicho la mwanahistoria wa uchumi, malalamiko hayo yanatoa ushahidi mwingine. Tofauti ile ilikuwa ndiyo bei ya ukandarasi. Ndani yake yalikuwamo faida ya mkandarasi, gharama ya kuwasubiri watu katika msimu wa uhaba, na kinga dhidi ya watakaokimbia.

Hili halimaanishi kwamba bei hiyo ilikuwa ya haki. Tatizo ni kwamba ilifichwa. Mteja hakujua mpagazi amepata nini, wala mpagazi hakujua mteja ametoa nini. Mkandarasi peke yake ndiye aliyeziona hesabu mbili, na faida yake ilikua kadiri pande hizo mbili zilivyozidi kutofahamiana. Biashara hiyo ilimtajirisha Sewa Haji hadi akawa miongoni mwa wakandarasi wakuu wa pwani na mfadhili wa hospitali ya Dar es Salaam iliyobeba jina lake na ambayo ndiyo chimbuko la Muhimbili ya leo.

5.0 Mkataba na Tippu Tip, 1887

Mfano wa tatu unaonesha ngazi nyingi zaidi. Kamati iliyoundwa London chini ya uenyekiti wa William Mackinnon ilimwajiri Stanley kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta. Februari 1887, mjini Unguja, Stanley alifunga mkataba na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Mkataba huo ulimfanya kuwa gavana wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, na yeye aliahidi kutoa wapagazi 600 wa kupeleka mizigo hadi Ziwa Albert. Stanley kwa upande wake alitakiwa kuwapatia baruti na fataki.

Juni 1887 Stanley alitangulia na kuacha kikosi cha nyuma Yambuya, chini ya Meja Edmund Barttelot, kuwasubiri wapagazi hao. Kikosi kilisubiri mwaka mzima. Wapagazi walipopatikana Juni 1888 walikuwa takriban 400, na mizigo ilibidi ipunguzwe uzito. Barttelot aliongeza ngazi nyingine kwa kumwahidi Muini Somai pauni 1,000 ili awaongoze Wamanyema hao. Wiki chache baadaye Barttelot alipigwa risasi na kufa, na Muini Somai akakimbia. Stanley aliporudi Agosti 1888 alikuta wengi wa kikosi wamekufa kwa njaa, maradhi na muhogo usioondolewa sumu.

Katika tawasifu yake aliyoiandika kwa Kiswahili, Tippu Tip anajitetea kwamba baruti na fataki zilizoahidiwa hazikuletwa. Stanley alisema mkandarasi alivunja neno. Mwishoni mwa 1889 alifungua shauri katika mahakama ya konseli ya Uingereza Unguja, akilenga pauni 10,000 za Tippu Tip zilizokuwa mikononi mwa wakala wake. Yaliyobishaniwa yalikuwa idadi ya wapagazi, baruti, tarehe na fedha. Wale waliofia Yambuya hawakuwa upande wowote wa shauri. Katika mnyororo uliotoka kamati ya London hadi kwa Stanley, Tippu Tip, Muini Somai na wakubwa wa Wamanyema, hapakuwa na kifungu kilichosema nani alipaswa kuwalisha wanaongoja.

6.0 Mjadala

Mifano hii inaonesha mwendelezo wa aina tatu. Kwanza, mkandarasi alistawi palipokuwa na pengo la taarifa na mkopo, wala si palipokuwa na pengo la watu pekee. Pili, hatari ilishuka na faida ikapanda: mwaka 1857 kutoelewana kulikuwa kati ya pande tatu, na mwaka 1887 kulipitia ngazi tano au zaidi. Tatu, wapagazi hawakuukubali mpango huo kimya. Walikataa kuinua mizigo, walijadiliana kupitia viongozi wao, na walikimbia. Wasafiri waliandika kukimbia kama utovu wa uaminifu. Hata hivyo, kwa mtu asiyeweza kumshitaki mwajiri, malipo ya awali pamoja na uwezo wa kuondoka ndivyo vilivyokuwa dhamana pekee aliyokuwa nayo.

7.0 Hitimisho

Mwaka 2014 Tanzania Bara ilitoa kanuni za wakala binafsi wa ajira zilizolenga kumzuia wakala kuwa mwajiri wa watu anaowatafutia kazi kwa wateja. Wachambuzi waliichukulia hatua hiyo kama jibu kwa tatizo jipya. Historia ya misafara inaonesha kwamba tatizo ni la zamani, na inaonesha pia mahali linapokaa. Ukandarasi wenyewe haukuwa kosa, kwa kuwa bila wakina Ladha Damji na Sewa Haji misafara mingi isingeondoka pwani. Kosa lilikuwa kuruhusu jukumu kwa uhai na ujira wa mtu lihamishwe pamoja na kazi. Sheria inayotaka kurekebisha jambo hilo haina budi kuanzia pale ambapo mikataba ya Unguja ilinyamaza, kwa kumtaja anayewajibika kwa mfanyakazi endapo wote waliotia saini watakanana.