Ufunguo wa leseni wa kuazima: mambo yamebadilika kwa VMware

Fundi akija kusimika serveri katika hospitali au chuo cha kanisa na kusema, “Ufunguo ninao,” muulizeni ameutoa wapi.

Serveri nyingi siku hizi hubeba kompyuta pepe (pepe, si pepo): mashine moja hufanya kazi kama tatu au kumi, moja ya hesabu, moja ya mafaili ya wagonjwa, moja ya wanafunzi. Programu ya kugawa hivyo iliyojulikana sana ni ESXi ya VMware. Zamani ulinunua leseni mara moja ukaitumia daima.

Novemba 2023 kampuni ya Marekani, Broadcom, ilikamilisha kuinunua VMware. Desemba ikaacha kuuza leseni za kudumu. Sasa mtu hulipia muda, na hesabu hufuata viini vya prosesa, visivyopungua 16 kwa kila prosesa hata kama yako ina 8. ESXi ya bure iliondolewa mwanzoni mwa 2024, ikarudishwa Aprili 2025 bila msaada wa kampuni. Kwa ofisi yenye mfuko mdogo, ufunguo wa kuazima unavutia, naelewa.

Ufunguo wenyewe ni herufi na tarakimu 25 tu, hauna virusi. Lakini ulitolewa kwa mteja mmoja kwa mkataba. Mwaka 2025 hata baadhi ya walionunua leseni za kudumu kihalali walipokea barua za Broadcom zikiwakataza masahihisho yaliyotoka baada ya mkataba wao wa msaada kwisha. Sisi wenye ufunguo wa WhatsApp tutajibu nini?

Na masahihisho hayo ndiyo jambo zito. Februari 2023 wahalifu walishambulia maelfu ya serveri za ESXi duniani, wakafunga mafaili na kudai pesa. Uchunguzi ulielekeza kwenye tundu ambalo dawa yake ilikuwa imetolewa tangu Februari 2021. Miaka miwili! Mwenye ufunguo wa kuazima hana akaunti ya mteja ya kupakulia masahihisho, basi hubaki na matundu, au huchukua faili kwenye tovuti asiyoijua. Faili hilo ndilo linaloweza kubeba virusi.

Njia halali ya bure ipo. Proxmox VE, inayotengenezwa Vienna, Austria, hutumiwa bila kulipa. Unalipa ukitaka msaada wao. Tangu 2024 ina chombo cha kuhamisha mashine kutoka ESXi. VirtualBox ya Oracle nayo ni ya bure, ila kile kifurushi chake cha nyongeza kina masharti yake kwa ofisi, kisomeni kwanza.

Kabla ya kuhama, wekeni nakala ya kila kitu kwenye diski ya nje, na mjaribu kuifungua kwenye kompyuta nyingine. Anzeni na mashine isiyo na uzito. Mafaili ya wagonjwa yawe ya mwisho.